Hereni Iliyobaki Bondeni

Mwanangu wa mwisho ana mikono isiyotulia. Juzi nilikuwa nashona kifungo cha shati la baba yake, naye akajipenyeza hadi kwenye kopo la biskuti ninamowekea nyuzi na sindano. Akaibuka na hereni moja ya fedha, ndogo, imeshapiga weusi. Akaisugua kwenye gauni lake, akaipeleka sikioni, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza kwa umri wake.

"Mama, nyingine iko wapi?"

Nikamwambia angoje nimalize kifungo. Uongo mtupu, maana kifungo kilikuwa kimeshakaa zamani na mimi nilikuwa nazungusha uzi tu. Pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya tope la mto Rufiji likipigwa na mvua ya kwanza, harufu ambayo ukiijua utotoni huwezi kuisahau hata ukahamia ghorofani.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mama yangu alisema nilizaliwa na kiulizo mdomoni, na kila likizo ilipofika alinipakia kwa furaha ambayo hakujali kuificha, akanipeleka kwa mama yake ili yeye apumzike. Sisi tulikaa Kibiti mjini. Bibi alikaa ng'ambo ya daraja la Ndundu, kwenye kijiji cha barabarani, lakini kiangazi chote alihamia bondeni, kwenye dungu lake. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mto yakija yapite chini. Tulipanda kwa ngazi ya miti, tukalala juu, tukapika chini, na mbali upande wa kaskazini tukaona malori yakivuka daraja.

Shamba lile la Bibi lilikuwa mahame. Zamani, kabla watu hawajahamishwa kutoka bondeni kupelekwa juu barabarani, kijiji kilikuwa pale pale, na nyumba ya Bibi, na mume wake, na kuku wake. Mimi sikuona kitu. Mto ulikuwa umefurika mara nyingi mno juu ya kijiji kile, na kila ulipoondoka uliacha tabaka jipya la tope, mpaka ardhi ikalala sawasawa kama uji uliomwagwa sinia. Nilimuuliza Bibi jiko lilikuwa wapi, na mlango ulitazama wapi. Alinyoosha kidole huku, kesho yake akanyoosha kule.

Mwaka huo alikuja Fundi Kassimu. Alikuwa fundi redio wa Kibiti, mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira hata juani, na alikuwa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini: fimbo ndefu, chini ina duara kama sinia dogo, juu ina kisanduku, na hedifoni za kuziba masikio. Alipenda vitu vya kale. Vita vya Wajerumani vilipita bonde lile, na meli yao kubwa ikafia huko kwenye mikoko ya delta, hivyo kila mtu wa Rufiji ana mjomba anayejua mahali zilipofukiwa rupia, sarafu zao za fedha. Kassimu hakuwa mtu wa kuingia shamba la watu kwa kunyemelea. Alikuja na barua ya ofisi ya kijiji, akaikunjua, akavua kofia, akasimama chini ya ngazi.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kibiti, Bibi. Lakini kwetu hasa ni milimani. Mmatumbi."

"Loo, mtani wangu! Umekuja kuniibia mahindi mchana kweupe, tena na barua?"

Kassimu akacheka, akaeleza shida yake. Anaomba kupitisha mashine kwenye mahame. Atakachokipata atamwonyesha Bibi kwanza, na kila shimo atakalochimba atalifukia lirudi kama lilivyokuwa. Bibi alisikiliza huku anapepeta, asimtazame. Kisha akanigeukia.

"Mke mwenzangu, hebu kaniteke maji."

Mtungi ulikuwa umejaa. Nilijua nafukuzwa, nikaenda polepole iwezekanavyo huku nimetega masikio, nikaambulia maneno mawili matatu: bakuli, jeupe, ukingo wa buluu. Niliporudi nilimkuta Kassimu hacheki tena. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"N'nalitaka hilo kwanza," Bibi alikuwa anamwambia. "Rupia zako baadaye. Na ukilisikia usilitoe. Tia alama tu, mpaka nisimame hapo mwenyewe."

"Sitaligusa, Bibi."

Leo najua alichokuwa anakitafuta. Bibi alizaa mtoto wa kike kabla ya mama yangu, akaitwa Sikudhani, akafa kwa surua akiwa na miaka minne, akazikwa pale bondeni jirani na nyumba. Kwa desturi ya wazee wetu, chombo alicholia chakula marehemu kiliwekwa juu ya kaburi, kimetobolewa kitako ili mwenye tamaa asikione kinafaa. Sikudhani alifunikiwa bakuli lake la bati, jeupe, ukingo wa buluu. Watu wakahamishwa, mto ukafurika, bakuli likazama topeni pamoja na kaburi. Kila Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani, wenzake Bibi walikwenda kupalilia makaburi ya watoto wao, naye alikwenda kuwasaidia kupalilia ya kwao. Mwaka huo kulikuwa na jambo jingine. Mjomba wangu alikuwa ameshapatana na mwenye trekta aje kulima bonde zima wiki inayofuata, tayari kwa mpunga, na Bibi alitaka kujua kabla ya hapo ni wapi plau lisipite.

Hayo nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyeniambia, kwa kuwa mtoto haambiwi habari za kaburi, na kwa kuwa Bibi hakuwa na desturi ya kulitaja jina lile. Mimi nilichosikia ni kwamba Bibi ana bakuli limefukiwa. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: watu hawafukii bakuli tupu. Bibi yangu alikuwa na mali.

Siku ya Alhamisi Kassimu alifanya kazi mchana kutwa, nami nilikuwa nyuma yake hatua kwa hatua. Alipeleka ile fimbo kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayefagia bila kutaka kutimua vumbi. Mashine ilipolia, alichomeka kijiti. Nilimuuliza inasikiaje.

"Chuma kikipitiwa na duara hili, kinalia."

"Kinalia kwa nini?"

Akafikiri. "Labda kimechoka kukaa gizani."

Alikuwa ananitania, lakini mimi nilimwamini mzima mzima. Nikamwomba hedifoni, akanivalisha, zikanishuka mpaka shingoni. Nikasikia mvumo mdogo wa kuendelea, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa, halafu ghafla ukapanda: wiii. Nikaruka. Chini yangu kulikuwa na kitu kinaniita! Tangu hapo, kila Kassimu aliposimama kunywa maji, mimi nililala kifudifudi na kubandika sikio ardhini, nikisikiliza vyuma vinavyolia. Nilisikia damu yangu tu, nikaamini ndiyo vyenyewe.

Vitu alivyokuwa na hakika navyo kwamba si bakuli alivichimba hapo hapo, Bibi akiwa amesimama pembeni. Tulipata misumari iliyopinda, kengele ya baiskeli, jembe lililolika likabaki ukubwa wa kijiko, na kifungo cha shaba cha koti la askari ambacho Kassimu alikibusu. Kila shimo alilifukia kwa mpangilio: tope la chini kwanza, la juu juu, kisha akalipiga piga kwa kiganja na kutawanya mabua ya mahindi. Mwisho aling'oa kijiti chake.

"Kijiti kikitoka maana yake kazi ya hapo imekwisha," aliniambia. "Mwenye shamba akija asijue hata kama ulipita."

Jua likielekea kuzama, upande wa chini wa shamba, mashine ililia kwa sauti nzito iliyojaa. Kassimu akaizunguka, akaipima huku na huku. "Hiki ni cha duara," akasema, "na kipana." Akachomeka kijiti, akakifunga kitambaa chekundu. Bibi alisimama akakitazama kile kitambaa, kisha akasema kesho ni Ijumaa, kwake hapachimbwi kitu Ijumaa, wangoje Jumamosi. Nadhani aliogopa. Alikuwa amengoja miaka mingi na sasa alitaka kungoja siku moja zaidi.

Mimi sikuweza kungoja. Asubuhi ya Ijumaa, Bibi akiwa anafua nguo zake za kuswalia, nilichukua kisu kibutu na kifuu cha nazi nikaenda kwenye kitambaa chekundu. Nilitaka kumletea mali yake mkononi. Nilitaka pia, nisijisingizie wema mtupu, kuwa wa kwanza kuiona. Tope la juu lilikuwa gumu, la chini laini na baridi, na kwa kina cha kiganja na nusu kisu kikagonga: ngaa.

Bakuli lilikuwa limefudikizwa. Nikalizungushia vidole, nikalivuta, likatoka na sauti ya kunyonya. Nikaligeuza. Lilijaa udongo. Nikaukoroga udongo wote kwa vidole, nikauchuja kama mtu anayechagua mchele. Hapakuwa na rupia wala shilingi. Kisha nikaona kitako kina tundu: mali ya Bibi ilikuwa imevuja.

Nilifikiria haraka. Nikimpelekea bakuli tupu atauliza vilivyokuwamo viko wapi, na aliyelichimba peke yake ni mimi. Nani angeniamini? Nikaamua kulificha mpaka nipate akili. Lakini kwanza nilifanya mambo mawili niliyofunzwa. La kwanza lilikuwa la Bibi. Bibi alichimba mizizi ya dawa, ya tumbo na ya homa, na hakuondoka mahali hata siku moja akaacha shimo tupu. Alitupia kitu chake, punje za mchele, pini, uzi aliouchomoa kwenye kanga. "Umechukua, nawe acha," alinambia kila mara. Mimi sikuwa na pini wala mchele. Nikavua hereni ya sikio la kushoto, moja ya zile mbili za fedha alizonipa mama nilipoanza shule, nikaiweka shimoni. La pili lilikuwa la Kassimu. Nikafukia, la chini chini na la juu juu, nikapiga piga kwa kiganja, nikatawanya mabua. Nikang'oa kijiti. Nilifanya kazi nzuri sana, na mpaka leo nikiikumbuka najionea haya.

Bakuli nikalichimbia kwenye lundo la pumba chini ya dungu, na kijiti chenye kitambaa chekundu nikakitia humo humo. Alasiri mvua ikashuka, mvua ya kwanza ya vuli, ikapiga mpaka magharibi. Nilijifunika kanga ya Bibi kichwani, nikasingizia baridi.

Jumamosi Kassimu alikuja mapema. Alisimama upande wa chini wa shamba akageuka, akageuka tena. Vijiti vingine vilikuwapo. Kile chenye kitambaa hakikuwapo, na mvua ilikuwa imelilainisha bonde lote likawa na uso mmoja.

"Mbuzi labda," alisema. "Si neno, Bibi. Ni hapa hapa, hazizidi hatua thelathini. Ililia sana, nitaipata."

Akavaa hedifoni. Akapita, akarudi, akapita kwa kukatisha. Mashine kimya. Akabadilisha betri. Kimya. Nilimwona anavyozidi kuduwaa, maana alichokisikia kwa masikio yake juzi leo hakipo, na Bibi alikuwa amesimama na ubani kwenye chetezo kidogo, amevaa baibui lake zuri. Moshi ulipanda mwembamba ukakatika. Baada ya muda mrefu Bibi akakaa chini, kwenye tope, na baibui lake.

"Basi, baba. Usijichoshe. Mto umeshamchukua mwanangu."

"Mwana gani?" nikauliza. Hata siku hiyo sikuweza kujizuia.

Bibi alinitazama kama aliyesahau kuwa nipo. Akaniambia yote kwa maneno machache, bila kulia, na akalitaja jina. Bakuli lilikuwa la kulia uji, alisema. Alilitoboa mwenyewe kwa msumari.

Nilitimua mbio. Nililifukua bakuli kwenye pumba, nikarudi nalo nimelikumbatia, nalia kwa sauti, nasema sikuiba, lilikuwa tupu, yaliyomo yalivuja. Kassimu alikaza macho kwenye bakuli. Bibi alilipokea, akalipangusa pumba, akapitisha kidole chake cha shahada kwenye lile tundu. Kikaenea. Nilingoja kofi.

"Ulilitoa wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Mabua, tope, mabua. Nikatembea hatua kadhaa, nikasimama, nikarudi. Hofu niliyoipata hapo sijawahi kuipata tena, hata nilipokuwa naenda kuzaa. Kitu pekee kilichokuwa kimebaki kuonyesha alipolala yule mtoto nilikuwa nimekitoa kwa mikono yangu, na mahali pake nilikuwa nimepafuta vizuri kabisa. Trekta lilikuwa linakuja Jumatatu.

"Sijui," nikasema. "Bibi, sijui."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinivuta, akanipangusa machozi na kamasi kwa ncha ya mtandio, na mkono wake ukapita sikioni, ukasimama.

"Hereni yako iko wapi?"

"Nimeiacha shimoni. Si ulisema nikichukua kitu niache kitu?"

 Kassimu akanisogelea.

"Hereni ya nini? Ya plastiki?"

"Ya fedha," Bibi akasema. "Alipewa na mama yake."

Kassimu akapiga goti. Akazungusha kitufe kwenye kisanduku, akaniomba ile hereni nyingine, akaiweka chini akapitisha duara juu yake mara nyingi, akisikiliza amefumba macho, akijifunza sauti yake. Kisha akavua buti zake na mkanda wake wenye bizimu ya chuma, visije vikailiza mashine, akavitupa mbali, akaanza kwenye hatua ya kwanza kati ya zile thelathini. Duara lilikuwa karibu liguse tope. Alikwenda upana wa kiganja kwa wakati mmoja, kwa magoti. Mimi na Bibi tulimfuata, tukiondoa mabua mbele yake. Adhuhuri tuliswali pale pale tukaendelea. Sikuuliza swali hata moja siku nzima, na hiyo ni rekodi yangu.

Jua lilikuwa limeshalalia upande wa magharibi aliposimama ghafla. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena. Akanivalisha hedifoni. Ule mvumo wa mbu ulikuwapo, na ndani yake, mbali sana, kitu kidogo kilisema wi, kikanyamaza.

Alichimbua kwa vidole, tabaka jembamba baada ya jingine. Hereni ikatokea, imelala juu ya tope laini, inang'aa. Kassimu akaishika kwa ncha za vidole ili anipe.

"Iache hapo," Bibi akasema. "Keshampa."

Akapiga magoti. Akaifunika hereni yangu kwa udongo, akalifudikiza bakuli juu yake, akaliachia mkono juu kwa muda mrefu, kama wanavyoachiwa watoto mkono mgongoni mpaka wasinzie. Kassimu alisoma Fatiha. Kesho yake tulipanda minyaa kuzunguka, nami nikachomeka kile kijiti chenye kitambaa chekundu kwa mikono yangu, nikakigongelea kwa jiwe mpaka Bibi akaniambia inatosha. Trekta lilipokuja lilipazunguka.

Kassimu hakupata rupia shambani kwetu. Hakurudi tena kutafuta, ila Shaabani tatu mfululizo alimletea Bibi ubani. Mimi nilirudi shule na hereni moja, wenzangu wakanicheka, nikawaambia nyingine nimeigawa. Bibi naye ameshatangulia, amezikwa juu kijijini, na kupalilia kule bondeni sasa ni zamu yangu.

Hayo, kwa kuyafupisha, ndiyo niliyomweleza mwanangu nilipoishiwa na uzi wa kuzungusha kwenye kifungo. Alisikiliza akiwa ameifumbata ile hereni.

"Kwa hiyo nyingine anayo bibi Sikudhani?"

"Anayo."

"Tangu hapo anavaa moja tu?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeihesabu iliyonipotea mimi.

"Basi tumpelekee na hii," akasema, akanipa.

Nilibaki nayo kiganjani, na sitasema uongo, ilinipa uchungu kuiachia. Kisha nikaifunga kwenye ncha ya kanga ya kuendea Rufiji, nikapiga mafundo mawili.